Barakoa ya mpira yenye vichujio viwili: ipi ya kununua kwa vumbi na moshi wa Lubumbashi

Tuanze na jibu, maana wengi wanaotafuta barakoa wana kazi kesho asubuhi. Kwa anayesaga mawe, anayechonga malakiti (jiwe la kijani la shaba), anayechomelea vyuma au kupakia magunia ya madini Lubumbashi, barakoa ya nusu uso ya 3M 6200 yenye jozi ya diski za 2091, yaani vichujio bapa vya vumbi, ndiyo tunayoipendekeza. Vumbi na moshi wa vyuma inauzuia vizuri sana. Gesi ya salfa haizuii: hapo diski zitoke, ziingie kartushi, yaani vikopo vyenye mkaa wa kunasa gesi, na ni kwenye kuchagua kartushi ambapo watu wengi wanakosea. Ndani ya shimo lisilo na hewa, barakoa yoyote ya aina hii ni bure, hata iwe ghali namna gani.

Kwanza kinachopigwa vita. Mawe yanayobeba shaba na kobalti huku Katanga mengi yamejaa silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Wanaofanya kazi ya madini wanayajua mawe ya RSC, yale magumu yenye matundu-matundu, yanayokaa kati ya tabaka la chini na tabaka la juu la madini. Yakivunjwa makavu yanatoa vumbi la aina mbili. Lile linaloonekana likielea kwenye mwanga wa jua ni chembe kubwa, nyingi zinaishia puani na kooni, zinatoka na makamasi. La hatari ni lile la mikroni 4 au chini ya hapo. Halionekani kwa jicho, linabaki hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na linafika mwisho kabisa wa mapafu. Huko mwili unajaribu kulimeza, unashindwa, unaacha kovu. Makovu yakizidi ni silikosisi. Haina dawa ya kuiponya, inaweza kuendelea hata mtu akiwa ameacha kazi miaka iliyopita, na inakifungulia mlango kifua kikuu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya namna hii kwenye kundi la 1, yaani vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, tangu 1997.

Kipimo kidogo kinasaidia kuelewa. Sheria ya Marekani ya 2016 inaruhusu mikrogramu 50 za silika kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa zamu ya saa 8. Mtu anayefanya kazi anavuta karibu mita za ujazo 10 kwa zamu moja. Kwa hiyo kiwango cha juu cha siku nzima ni nusu miligramu: chembe chache za chumvi ya mezani. Ukikata jiwe kavu kwa mashine ya diski bila maji, unakivuka kiwango hicho mapema sana.

Sasa barakoa zenyewe. Kashne ya kitambaa, hata ikiwa na tabaka 3, haina kazi hapa. Vivyo hivyo ile ya bluu ya hospitali: ilitengenezwa kuzuia mate ya anayeivaa, na pembeni ya mashavu hewa inapita kama mlango uliosahauliwa wazi. Ukiitoa jioni ukakuta duara jeusi mbele ya mdomo na mistari ya vumbi kwenye mashavu, mistari hiyo ndiyo njia iliyopita hewa.

FFP2 ya karatasi ngumu ni kitu kingine, inastahili heshima. Alama ya FFP2 maana yake kichujio kinazuia angalau asilimia 94 ya chembe, FFP3 asilimia 99, FFP1 80 tu. Herufi NR pembeni zinasema itumike zamu moja, kisha itupwe. Hapo ndipo hesabu inapokataa: mtu anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi anahitaji FFP2 26. Ukweli wa mjini ni kwamba moja inavaliwa wiki nzima, inalowa jasho, inakunjwa mfukoni, kamba zinalegea, na siku ya tatu haigusi tena uso kwenye pua. Zile zenye kamba za masikioni ni dhaifu zaidi, maana mvuto wa sikio hautoshi kuibana barakoa usoni. Ukinunua za karatasi, chukua zenye kamba mbili za kuzunguka kichwa na waya wa pua unaokunjika na kubaki ulivyoukunja.

6200 inaondoa tatizo hilo. Sehemu ya uso inadumu, unabadilisha vichujio tu. Zipo saizi tatu: 6100 ndogo, 6200 ya kati, 6300 kubwa. Wauzaji wengi wanaleta 6200 peke yake na kusema inamfaa kila mtu. Si kweli. Wanawake wengi wanaotwanga na kuchambua mawe wana uso mwembamba, na 6200 inawaachia nafasi chini ya kidevu. Hao watafute 6100. Mwili wake ni wa plastiki laini inayofanana na mpira, si silikoni, kwa hiyo ukilinganisha na ndugu yake wa silikoni, 7500, unabana zaidi kwenye mfupa wa pua mchana ukiwa mrefu. Ni kasoro ya kweli, na watu wanaiondoa barakoa kwa sababu hiyo. Mwenye uwezo wa kuongeza pesa kidogo achukue 7500: inapokea diski na kartushi zilezile.

Diski za 2091 ni zile bapa za rangi ya zambarau. P100 maana yake zinazuia asilimia 99.97 ya chembe ndogo. Zinafungwa kwa kulinganisha alama ya diski na alama ya barakoa, kisha kuzungusha robo duara kwenda kulia mpaka zikaze. Kosa la kawaida ni kuzungusha kidogo tu, diski ikabaki inacheza. Itikise kwa kidole: ikisogea, hewa chafu inapita nyuma yake. Angalia pia kila mlango wa hewa, ndani kuna kiulimi cha mpira chembamba kama karatasi. Kikikosekana bado utapumua vizuri tu, ila unyevu wa pumzi utarudi kwenye diski na kuiharibu mapema. Kiulimi cha muhimu kuliko vyote kiko mbele, chini ya kifuniko: hicho kinatoa pumzi nje na kuziba unapovuta. Unywele mmoja, kipande cha uzi au chembe ya mchanga chini yake inatosha kuifanya barakoa nzima iwe pambo. Fungua kifuniko kila asubuhi, futa kwa kidole kisafi chenye maji, hakikisha kiulimi kimelala bapa na kingo hazijapinda.

Kuivaa kuna mpangilio. Weka barakoa juu ya pua na mdomo, vuta sehemu ya juu ya mkanda ikae kwenye utosi, kisha funga kamba za chini nyuma ya shingo. Kaza za juu kwanza, halafu za chini, pande zote mbili kwa pamoja ili isiende upande. Mkanda upite chini ya kofia ngumu, usipite juu yake, la sivyo kila ukivua kofia unavuta barakoa. Kisha vipimo viwili, kila mara, hata ukiivua kwa ajili ya chai tu:

Ziba kwa kiganja mdomo wa kutolea hewa mbele, toa pumzi polepole. Barakoa ivimbe kidogo bila hewa kupenya kwenye kingo. Halafu bonyeza dole gumba katikati ya kila diski ya 2091, vuta pumzi taratibu. Barakoa ijivute kidogo kuelekea usoni na kubaki hivyo. Ukisikia ubaridi wa hewa karibu na macho, inavuja kwenye pua. Ipandishe au ishushe kidogo, kaza tena, rudia.

Hapa linakuja jambo ambalo wengi hawataki kulisikia: ndevu. Kingo za barakoa lazima ziguse ngozi tupu. Ndevu za siku mbili au tatu zinatosha kuinyanyua, na chembe za mikroni 1 zinapita kati ya vinyweleo kama watu kwenye lango la soko. Masharubu yanayobaki ndani ya barakoa hayana neno. Asiyeweza kunyoa, kwa dini au kwa sababu nyingine, hafai kuvaa barakoa hii. Anahitaji kofia yenye feni inayosukuma hewa iliyochujwa, na mwajiri ndiye wa kuitafuta.

Hata ikivaliwa sawasawa, nusu uso inahesabiwa kupunguza vumbi mara 10, si zaidi. Kama vumbi la mahali pa kazi ni mara 40 ya kiwango, bado unavuta mara 4. Na muda wa kuivua unaumiza kuliko watu wanavyodhani. Chukua zamu ya saa 8. Ukiivaa muda wote unavuta sawa na dakika 48 za hewa chafu bila kinga. Ukiivua saa moja tu ukiwa palepale, unavuta sawa na dakika 102, zaidi ya maradufu. Kwa hiyo ukihitaji kupumzika, toka kwenye vumbi kwanza, nenda upande upepo unakotoka, ndipo uivue. Kuiteremsha kidevuni ili kuongea na kuipandisha tena ni mbaya mara mbili: kidevu na shingo vimeshajaa vumbi, sasa limeingia ndani.

Yanayoua diski kabla ya siku zake tunayaona kila mahali. La kwanza ni kompresa. Mtu anamaliza kazi, anapuliza diski kwa hewa ya kompresa mpaka irudi kuwa safi. Anachofanya ni kutoboa nyuzi za ndani. Diski inaonekana mpya na kupumua kunakuwa rahisi, kwa sababu vumbi sasa linapita. La pili ni kuosha: diski haioshwi. Barakoa yenyewe ndiyo inaoshwa, vichujio vikiwa vimetolewa, kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 49 na sabuni ya kawaida. Si petroli, si mafuta ya taa, maana yanauvimbisha mpira. Ikauke kivulini. La tatu ni kuitundika msumarini karibu na mashine usiku kucha, ndani ikitazama juu. Asubuhi unavaa bakuli la vumbi. Ndoo ndogo yenye kifuniko inatosha kuihifadhi.

Diski ya vumbi kavu inabadilishwa kupumua kukianza kuwa kugumu, ikilowa, ikichafuka ndani au ikitobolewa na cheche. Penye ukungu wa mafuta, saa 40 za kazi au siku 30, lolote litakalotangulia. Linganisha na FFP2 26 za mwezi, uulize bei dukani, utaona kwamba barakoa ya mpira inajilipa yenyewe.

Wachomeleaji, diski za 2091 ni bapa na zinaingia chini ya vioo vingi vya kuchomelea. Moshi wa kuchomelea si mvuke, ni chembe ndogo sana za chuma na manganizi, kwa hiyo P100 inauzuia. Kundi la saratani lililotajwa hapo juu liliupokea moshi huo 2017. Ukichomelea mabati yenye zinki bila kinga, saa chache baadaye inakuja homa, baridi, mwili kuuma na ladha ya chuma mdomoni, inapita baada ya siku moja au mbili. Wengi wanaidhania malaria na kumeza dawa. Kuhusu maziwa, ambayo bado yanagawiwa kwenye karakana kama kinga: maziwa yanaenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu, na njia hizo mbili hazikutani. Patroni anayenunua maziwa kila siku tayari ana bajeti ya vichujio.

Gesi sasa. Tangu shaba ya kwanza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, watu wa mji huu wanaijua harufu ya salfa iliyoungua iliyokuwa ikishuka kutoka mumbunda, yaani bomba la moshi la kiwanda. Leo dioksidi ya sulfuri inakutana na wafanyakazi kwenye tanuri, kwenye viwanda vya asidi vinavyochoma salfa, na kwenye kazi za kobalti zinazotumia kemikali ya metabisulfiti. Ikikutana na unyevu wa koo inageuka asidi. Mwenye pumu anabanwa kifua ndani ya dakika chache. Diski ya 2091 haiizuii hata kidogo, kwa sababu gesi si chembe.

Unahitaji kartushi, na rangi zake ni mtego. Bidhaa zinazotufikia zinafuata mifumo miwili. Katika mfumo wa Ulaya, ambao pia unafuatwa Afrika Kusini, njano ni E, yaani dioksidi ya sulfuri na gesi za asidi. Kahawia ni A, mivuke ya rangi na vimumunyisho. Kijivu ni B, klorini na wenzake. Kijani ni K, amonia. Nyeupe ni P, vumbi. Katika mfumo wa Marekani, nyeupe ni gesi za asidi, nyeusi ni mivuke ya vimumunyisho, njano ni vyote viwili pamoja, na zambarau ni P100. Angalia nyeupe: huku ni vumbi, kule ni gesi ya asidi. Aliyezoea mfumo mmoja akichukua nyeupe ya mfumo mwingine anaingia kwenye moshi wa salfa na kichujio cha vumbi. Usinunue kwa rangi. Soma. Kwenye 6200, ya Marekani ni 6003, ya Ulaya ni 6057, ABE1. Kwenye ukumbi wa elektrolisisi, ambamo shaba inasafishwa kwa umeme, ongeza kichujio cha chembe juu yake, maana ukungu wa asidi ya sulfuriki ni matone, si gesi: 5N11 kwa ya Marekani au 5935 kwa ya Ulaya, vinashikwa na kifuniko cha 501. Kartushi iliyokuja tayari imeunganishwa na P100 ni 60923.

Kartushi haionyeshi imejaa lini. Ukianza kusikia harufu au ukali kooni, imeshapitisha. Weka ratiba: andika kwa kalamu tarehe na saa ya kuifungua, ibadilishe kabla ya muda ambao mara ya mwisho harufu ilipita. Usiku iwe ndani ya mfuko uliofungwa, la sivyo mkaa wake unaendelea kunywa hewa ya chumba. Wapaka rangi wa magari wanaotumia rangi ya kuchanganya na kigumishi wajue kwamba isosianati, kemikali za kigumishi hicho, huwezi kuzinusa zikipita. Kwao harufu isiwe kipimo kamwe.

Ya bandia tunayaona mengi: barakoa ya mpira mgumu wenye harufu kali, kopo mbili za plastiki, ndani pamba na punje za mkaa. Itikise karibu na sikio. Ukisikia punje zinatembea, hewa inapita kwenye nafasi tupu. Kartushi halali ya Marekani ya gesi peke yake ina namba inayoanza na TC-23C, diski ya vumbi TC-84A. Ya Ulaya ina CE yenye tarakimu 4 pembeni, na EN 140 kwenye barakoa, EN 143 kwenye kichujio cha vumbi, EN 14387 kwenye kartushi ya gesi. Boksi lenye neno la jumla kama "kuzuia gesi zote" bila namba yoyote, liache kwa muuzaji.

Wachimbaji wa mashimo, tunarudia kwa herufi zote. Barakoa hii haitengenezi oksijeni. Hewa ikiwa na oksijeni chini ya asilimia 19.5 haifai kuingia nayo, na ikizidi kupungua unazimia ukiwa umeivaa. Na pampu ya petroli au jenereta ikiwashwa shimoni inatoa monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, ambayo hakuna kartushi kati ya hizi inayoizuia. Injini ikae juu, mbali na mdomo wa shimo. Anayeanguka chini asifuatwe na mwenzake mpaka hewa ipulizwe.

Kabla ya barakoa yoyote, maji. Mchongaji wa malakiti anayeweka bomba dogo la kudondosha maji kwenye jiwe la kusagia anapunguza vumbi sana kabla halijapanda hewani. Kwenye mashine ya kuvunja mawe, mnyunyizo uwe pale jiwe linapovunjika, si baada ya vumbi kupanda. Usifagie kavu. Nguo za kazi zisioshwe pamoja na za watoto: utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, uliotolewa 2018, ulikuta kobalti nyingi kwenye mikojo ya wakazi wa Kasulo, Kolwezi, na watoto wakiwa juu kuliko wote.

Anayeanza kazi ya vumbi apigwe picha ya kifua na kupuliza spirometa, mashine ya kupima pumzi, mwanzoni, ili miaka ijayo kuwe na cha kulinganisha. Kikohozi cha wiki 2 kipimwe kifua kikuu, kisiitwe "vumbi tu". Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inamtwika mwajiri usalama wa wafanyakazi wake, kwa hiyo risiti ya barakoa ipelekwe kwake, na karatasi za daktari ziwekwe vizuri kwa ajili ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii.

Ukienda dukani nenda umenyoa, na omba kuijaribu barakoa hapohapo kwa vipimo vile viwili. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili. Kartushi zitoke kwenye mfuko ambao haujafunguliwa, wenye tarehe ya mwisho inayosomeka, na nunua jozi mbili: moja ya leo, nyingine ibaki imefungwa.